Tulale ndani ya Disney au nje?

Swali: Dada habari, tunaishi Texas, Desemba tunapeleka watoto watatu Disney World, ile bustani kubwa ya michezo kule Florida, mume anataka hoteli ya humohumo ndani, mi naona tupange nyumba Kissimmee, mji wa jirani. Unashaurije?

Jibu: Mdogo wangu, nyumba ina jiko, asubuhi unawakorogea uji, nguo unafua hapohapo, hela inabaki. Ila mumeo ana hoja kubwa, wageni wa hoteli za Disney wanaingia nusu saa kabla ya wengine, wanapanda basi la Disney bure, paking hawalipi, na mtoto akikulalia begani saa 8 mchana jua kali unamrudisha chap kitandani halafu jioni mnarudi. Kama kitinda mimba bado mdogo wa kubebwa, laleni ndani. Wakiwa wakubwa wote, nenda Kissimmee bila wasiwasi.