Mshtarii na Zohali nyumba ya kazi: kabla hujaandika barua ya kuacha kazi

Kwetu Dar es Salaam, kama ilivyo kwa familia nyingi za Kihindu zenye asili ya Gujarat, mtoto akizaliwa huandikiwa janmakshara, yaani ramani ya nyota za saa ile. Yangu mama aliitunza pamoja na vyeti vya shule. Nilizaliwa mwanzoni mwa Agosti 1981, saa kumi na nusu jioni, na kwenye ramani hiyo, iliyogawanywa nyumba 12, sayari Mshtarii (Jupiter) na Zohali (Saturn) wamekaa pamoja katika Mashuke (Virgo), moja ya buruji 12 za nyota, nyumba ya 10, ambayo ndiyo nyumba ya kazi.

Nilipokuwa na miaka 25, mnajimu mmoja aliitazama kwa dakika tano akaniambia kwamba kabla sijafika 30 nitakuwa mkubwa wa ofisi. Nilimwamini kabisa. Niliacha kazi mbili za uhasibu, moja baada ya nyingine, kwa sababu cheo nilichoahidiwa hakikuja. Miaka 30 ilinikuta sina kazi, nakula kwa mama. Kwa hiyo namwandikia yeyote aliyeambiwa maneno kama hayo hivi karibuni.

Kwanza, kukutana kwa sayari si mali ya mtu mmoja. Mshtarii humpita Zohali kila baada ya miaka 20 hivi. Safari ile walikutana mara tatu: 31 Desemba 1980, 4 Machi 1981 na 24 Julai 1981, kwa kuwa ukizitazama kutoka duniani sayari hizi huonekana kama zinarudi nyuma kisha zinasonga tena. Kwa hesabu ya jyotishi, elimu ya nyota ya Kihindi, wote wawili walikaa Mashuke kwa takriban mwaka mzima. Karibu darasa letu lote la msingi lilikuwa na muungano huo. Sasa kama kila mmoja wetu angekuwa mkurugenzi, nani angebeba mafaili?

Kinachotutenganisha ni lagna, buruji inayochomoza mashariki dakika unapozaliwa. Hiyo hubadilika kila saa mbili hivi. Nyumba huhesabiwa kuanzia hapo. Yangu ni Mshale, na ukihesabu kuanzia Mshale, Mashuke inaangukia nyumba ya 10. Binamu yangu alizaliwa siku mbili kabla yangu, saa sita na nusu mchana. Lagna yake ni Mizani, hivyo Mshtarii na Zohali walewale kwake wako nyumba ya 12, nyumba ya ng'ambo, hospitali na gharama. Leo anafanya zamu za usiku hospitalini Leicester, Uingereza. Sisemi nyota ndizo zilizomkatia tiketi. Wagujarati wengi wa Afrika Mashariki walishahamia mji ule, hasa baada ya Amin kuwafukuza Waasia wa Uganda mwaka 1972, na binamu alikuwa na mjomba wa kumpokea. Lakini kila nikizilinganisha ramani zetu mbili, nakumbuka jinsi yule mnajimu alivyonisomea muungano peke yake, kana kwamba hauna nyumba.

Mwaka 2012 nilikwenda harusini Rajkot, kule Gujarat, India, shangazi akanipeleka kwa mzee mmoja msomaji wa nyota. Hakutaja cheo hata mara moja. Aliniuliza kila siku nafanya nini, mikono yangu inapenda kazi gani. Kisha akanieleza taratibu. Mshtarii ni mwalimu, hupanua. Zohali hudai jasho na huchelewesha. Wakikaa nyumba moja, huyo wa kwanza hatoi kitu mpaka wa pili aridhike. Na Mashuke ni milki ya Utaridi (Mercury), bwana wa hesabu na maandishi, kwa hiyo kazi yangu ingetoka huko huko nilikokimbia.

Halafu akafungua dasha, yaani zamu za sayari. Katika mzunguko wa miaka 120, kila sayari hupewa zamu yake ya kutawala maisha ya mtu: Mshtarii miaka 16, Zohali 19. Zamu yangu ya Zohali ilianza 2010 na itaisha 2029. "Unamdai mwenye miguu mizito," aliniambia, "halafu unamkasirikia kwa nini hakimbii."

Nilirudi nikachukua kazi ndogo ya kukagua vitabu vya wafanyabiashara Kariakoo. Jioni nikaanza kufundisha vijana uhasibu. Ilinichukua miaka minane kupata nafasi ninayoweza kuiita ya heshima, na sehemu kubwa ya kazi hiyo ni kufundisha.

Wanasayansi hawakubali kwamba sayari hupanga ajira ya mtu, nami sina ushahidi wa kuwapinga. Nimelelewa ndani ya hesabu hizi na ninazipenda. Kwa sababu hiyo inaniuma zinapotumiwa kumharakisha mtu. Tarehe 21 Desemba 2020 Mshtarii na Zohali walikaribiana kiasi cha sehemu moja ya kumi ya digrii, tukapanda juu ya paa kuwaangalia baada ya jua kuzama. Usiku huohuo simu ilijaa ujumbe unaohimiza watu waache kazi wakajiajiri, katikati ya korona!

Ukienda kwa msomaji, nenda na saa ya kuzaliwa iliyoandikwa, si ile ya "alfajiri alfajiri hivi". Muulize lagna yako, nyumba unakoangukia muungano, bwana wa buruji hiyo yuko wapi, na sasa uko dasha ya nani. Akikurupuka na sanduku la mawe ya vito ya kukuuzia kabla ya kujibu, aga uondoke. Yakuti ya buluu ya Zohali ni ghali mno, na nimeona mtu akikopa kuinunua huku kodi ya nyumba haijalipwa.

Juzi mpwa wangu kaniandikia: "Masi (mama mdogo), Zohali ameingia Samaki, nijiuzulu?" Nimemwomba anitumie picha mbili, ya kadi yake ya kliniki yenye saa ya kuzaliwa, na ya mkataba wake wa kazi. Ya mkataba imeshafika, na ninaanza nayo.