Re: Redio koli za msafara wa Menengai na Eburru

Ndugu, umeuliza kama mchukue redio za mkononi au za kufunga garini, za kuongea gari kwa gari, kwa magari manne yanayokwenda Menengai na Eburru, kwenye milima ya volkano ya Bonde la Ufa, Kenya. Kwangu mimi, fungeni garini.

Usidanganyike na ule umbali wa kilomita 30 ulioandikwa kwenye kasha. Mawimbi ya VHF na UHF (aina mbili za masafa ya redio hizi) husafiri karibu kwa mstari ulionyooka. Gari likishateremka ndani ya kreta ya Menengai na wewe uko nyuma ya ukingo, wati 5 au 50, utasikia mkwaruzo tu. Kinachosaidia zaidi ni antena. Redio ya mkononi ukiitumia ndani ya gari, bati la bodi linameza mawimbi. Weka antena katikati ya paa, hata ile ya sumaku, utaona tofauti. (Mimi niling'oa yangu kwa tawi la mwiba, basi chagua inayopinda.)

Pia mnunue za aina moja, VHF haisikizani na UHF. Masafa ni ya leseni, kwa hivyo muulizeni muuzaji kuhusu kibali cha Mamlaka ya Mawasiliano ya Kenya kabla ya kulipa. Ya mkononi, nunueni moja ya anayeshuka kuelekeza dereva kwenye mawe.