FPS 130 Kwenye Kona, Halafu Nikafa Nimeganda

Jumanne usiku kijana mmoja wa Kigamboni aliniandikia: "Kaka, mashine yangu inasoma FPS 110 lakini mapigano yakikolea inaganda. Nina laki nne, ninunue kadi gani ya michoro?" (FPS ni idadi ya picha, au fremu, ambazo kompyuta inatoa kila sekunde, na kadi ya michoro ndiyo inayozichora.) Nikacheka, kisha nikanyamaza. Laki nne na ishirini yangu ilikwenda hivyohivyo.

Mwaka jana tulijiandalia mashindano yetu sebuleni kwa rafiki, Sinza. Watu wanane, mchango elfu kumi kila mmoja, tunacheza Counter-Strike 2, gemu la kupigana risasi. Wiki nzima nilikuwa nawarushia kwenye grupu picha za skrini yangu, na ile namba ya kijani ya FPS ya konani: 95, 102, 98. Siku yenyewe nikapanda bajaji kutoka Tabata, kompyuta nimeipakata kama mtoto mwenye homa. Raundi ya mwisho tukabaki wawili. Moshi umetanda, nakata kona, picha ikaganda. Ni nusu sekunde tu. Iliporudi, niko chini. Mwenye nyumba, ambaye hilo gemu nilimfundisha mimi, akaniuliza mbele za watu: "Zile mia zako umeziacha Tabata?" Hadi leo nikishuka Sinza Kijiweni kile kicheko nakisikia.

Asubuhi yake nikawa Kariakoo. Sikupima chochote, nilikwenda na hasira. Muuzaji akanifungia kadi iliyotumika, akaijaribu dakika tatu kwenye duka lenye kiyoyozi, namba ikaruka hadi 130, nikahesabu hela. Nikafika nyumbani, nikacheza dakika ishirini. Ikaganda vilevile.

Siku mbili sikuigusa. Ya tatu ndipo nikafanya nilichotakiwa kufanya mwanzo: nikashusha programu za kupimia, MSI Afterburner pamoja na RivaTuner, zote za bure, nikaziagiza zinionyeshe vitu vinne juu ya gemu. Wastani wa fremu: 131. Asilimia moja ya chini, yaani zile fremu mbovu kuliko zote: 23. Kazi ya kadi: asilimia 45, imestarehe zake. Joto la prosesa, yaani ubongo wa kompyuta: nyuzi 98.

Hapo nikaelewa kwamba namba ya konani ilikuwa inanidanganya kwa ukweli. Ni kama daladala za Mbagala. Ukiambiwa kwa saa moja zimepita kumi na mbili, utadhani inapita moja kila dakika tano. Kumbe zote zimekuja kwa mkupuo zikifukuzana, halafu umesimama kituoni dakika hamsini unaangalia vumbi. Wastani haujakosea, aliyechelewa kazini ni wewe. Ukicheza kwa FPS 60 iliyotulia, kila fremu inakuja baada ya milisekunde 16.7 hivi. Kwenye grafu ya muda wa fremu utaona mstari umelala. Wangu ulikuwa umelala, halafu ghafla mwiba unapanda hadi milisekunde 200, hata 300. Kwenye miiba hiyo ndiko nilikofia.

Prosesa ikizidi joto hupunguza mwendo yenyewe ili isiungue, na chumba changu cha bati mwezi wa pili mnakijua. Fundi wa mtaani alipofungua, feni ilikuwa na vumbi limeshikana kama pamba ya godoro, pesti ya kupitishia joto juu ya prosesa imekauka ukiigusa inamomonyoka. Akasafisha, akapaka mpya: elfu kumi na tano. Asilimia moja ya chini ikapanda kutoka 23 hadi 78.

Elfu kumi na tano, jamani.

Sasa vijana wenzangu, tupunguze kupenda namba kubwa. Kaunta ya Steam, au ile ya Windows ukibonyeza kitufe cha Windows na G, inatosha kwa kuanzia, lakini usiishie kwenye wastani. Pima nusu saa, siyo dakika tatu. Pima mchana, mlango ukiwa umefungwa kama unavyofunga ukicheza, ramani ileile kila mara. Kisha shusha ukubwa wa picha kwenye mipangilio: FPS isipopanda, kikwazo siyo kadi, na hiyo laki nne itunze. Na angalia skrini yako. Ya 60 Hz inabadilisha picha mara 60 kwa sekunde, basi. Mimi niliyekuwa natamba na 102 kwenye grupu, skrini yangu ilikuwa hiyohiyo ya 60, na hakuna aliyeniuliza. Pima kwanza, ndugu zangu. Pima kabla hujapanda gari la Kariakoo.

Kijana wa Kigamboni amejibu leo asubuhi kwa picha, ameipiga kwa simu skrini ikiwa imeinama. Prosesa nyuzi 96, kadi asilimia 50. Nimemwelekeza kwa fundi wangu, avuke na pantoni mapema kabla foleni haijawa ndefu.

Jumamosi tunarudi Sinza. Safari hii mchango ni elfu ishirini, na wa kwanza kulipa nimekuwa mimi.