Mwanangu, kabla hujailipia hoteli ya Maskati

Mwanangu,

Asalaam aleikum. Ujumbe wako wa sauti nimeusikiliza mara mbili, mara ya kwanza nikiwa jikoni, ya pili nimekaa kitako barazani nisikie vizuri. Unasema Desemba mtatoka Leicester, wewe na mkeo na wajukuu zangu wawili, mkae Maskati, Oman, siku saba kusherehekea miaka kumi ya ndoa yenu, na mimi mtanipandisha ndege hapa Unguja tukutane huko huko. Umenitajia hoteli tatu za nyota tano: Al Bustan Palace, The Chedi na Kempinski. Kisha ukauliza, "Mama, wewe uliyefanya kazi kule, ipi nzuri kuliko zote? Bei usiitazame."

Bei nitaitazama, hilo ulijue mapema. Lakini swali lako ulivyoliuliza halijibiki, kwa sababu zote tatu ni nzuri. Mimi nimetandika vitanda mjini mle miaka kumi na moja, tangu 2003 mpaka 2014, katika hoteli ambayo siitaji na nakuomba usinipeleke. Wageni niliowaona wakiondoka wamenuna, wengi wao walikuwa wamelala kwenye chumba kisafi, shuka zimenyooka, bahari dirishani. Shida yao ilikuwa wamelala mbali na kila walichokuja kukifanya.

Maskati ni mji mrefu. Umejilaza pwani, milima mgongoni, kuanzia Seeb upande wa magharibi hadi Maskati ya kale upande wa mashariki, kwenye kasri la Al Alam na zile ngome mbili walizojenga Wareno, Jalali na Mirani. Treni ya mjini hakuna. Watu wengi wanakwenda na kurudi kwa barabara kubwa ya Sultan Qaboos, na jioni watu wakitoka kazini utajuta kuzaliwa. Sasa jiulize: mtakuwa mnakwenda wapi kila siku? Shangazi yako yuko Al Khoudh, upande wa Seeb. Binamu zako wako Mabela. Tangu watu wetu wenye asili ya huko walipoanza kurudi Oman baada ya 1970, Waswahili wamejaa upande ule, ukiingia dukani unasalimia kwa Kiarabu unajibiwa "habari za nyumbani?" Na unamjua shangazi yako: mtu hafiki Maskati akala chakula cha hotelini usiku zaidi ya mara moja. Atakasirika mpaka Ramadhani.

Al Bustan iko upande wa pili kabisa. Kutoka pale hadi Al Khoudh ni zaidi ya kilomita 40, kwenda tu. Fanya hesabu na watoto wamelala kwenye viti vya nyuma saa nne za usiku.

Na naisema hivyo huku naipenda kuliko zote. Ilijengwa kwa ajili ya mkutano wa wakuu wa nchi za Ghuba wa mwaka 1985, na ukiingia unaelewa kwamba haikujengewa mimi na wewe. Ukumbi wa kuingilia una kuba, ukitazama juu kofia inaanguka. Iko ndani ya ghuba yake mwenyewe, milima imeizunguka, na ufuo ni wa wageni wake. Hili la ufuo watu hawaulizi. Hoteli za mitaa ya Qurum na Ghubra ziko kwenye ufuo wa watu wote. Jioni vijana wanacheza mpira mbele yako, familia zinatembea, mtu anafanya mazoezi ya mbio. Mimi napenda, ndio mji wenyewe huo. Lakini aliyelipa pesa nyingi akitaka upweke hushangaa. Al Bustan utapata upweke, ila ile milima ya nyuma inaficha jua mapema, na Desemba mchana ni mfupi. Wajukuu zangu wanaokosa jua Leicester wasije wakalikosa na huku.

Nje yake, kwenye mzunguko wa barabara, kuna jahazi kubwa limewekwa nchi kavu. Linaitwa Sohar. Lilijengwa Sur kwa mbao zilizoshonwa kwa kamba za makumbi ya nazi, bila misumari, kama mitepe, majahazi ya kwetu ya zamani, na Tim Severin, yule msafiri Mwingereza, akasafiri nalo hadi China mwaka 1980 na 1981. Siku zangu za mapumziko nilikuwa nashuka pale kwenye teksi nikalitazama tu. Babu yako alikuwa akihadithia mitepe, nami nilidhani anatia chumvi.

The Chedi iko Ghubra, katikati ya mji. Bustani, minazi na mitende, maji yaliyotulia, kila kitu kimya. Ina bwawa la kuogelea la mita 103. Mtu anaanza kuogelea mpaka anasahau alikotoka. Kama mngekuwa wewe na mkeo peke yenu ningekwambia lipia hii na usiniulize tena. Lakini nawajua wajukuu zangu. Hoteli ya kimya na mtoto wa miaka sita ni adhabu kwa wote wawili, na adhabu kubwa zaidi kwa mama yake, atakayeshinda siku saba akisema "shhh". Kabla ya kulipia hoteli yoyote ya namna hii, piga simu uulize mabwawa mangapi yanaruhusu watoto, na saa ngapi. Hoteli nyingi kubwa zina bwawa la watu wazima tu, nalo ndilo lililopigwa picha.

Kempinski sikuifanyia usafi wala sikuiona ikijengwa, ilifunguliwa 2018, mimi nimesharudi nyumbani. Ila Al Mouj, mahali iliko, napajua tangu pakiitwa The Wave, vifusi na winchi. Sasa ni mtaa mzima: marina, mikahawa, njia ya kutembea kwa miguu pembeni ya maji. Shangazi yako hupeleka wajukuu wake jioni, anasema watoto wanakimbia bila kuogopa magari. Kutoka hapo nyumbani kwake ni karibu, na uwanja wa ndege uko jirani. Ujirani huo una ubaya wake pia, kwa hiyo omba chumba cha upande wa bahari na uulize wazi kuhusu sauti ya ndege.

Umeshaona ninakoelekea. Kwa safari hii, kwa watu hawa, lala Al Mouj. Al Bustan tutakwenda alasiri moja, tunywe chai pale ukumbini, watoto waone kuba na lile jahazi, turudi. Chai haitakuwa rahisi, lakini ni rahisi kuliko vyumba viwili kwa usiku saba. Na usije ukaniambia tugawe, siku nne huku na tatu kule. Nimewaona wanaogawa. Siku ya kuhama yote inaliwa na masanduku, na kuna kiatu kimoja cha mtoto kitabaki chini ya kitanda, nimeokota vingi.

Sasa pesa. Rial moja ya Oman ni dola 2.6, haipandi wala haishuki, imefungwa hivyo tangu 1986. Mtu aliyezoea pauni anaona "150" anadhani ni bei ya kawaida, kumbe karibu dola 390. Kisha tazama kama bei ina alama mbili za kujumlisha pembeni. Alama hizo maana yake huduma na kodi bado. Kodi ya ongezeko la thamani, asilimia 5, ilianza Aprili 2021, na juu yake kuna ada ya huduma, ya utalii na ya manispaa. Bili inaweza kupanda karibu sehemu ya tano. Waandikie wakupe bei ya mwisho, yenye kila kitu, kwa maandishi. Wakikuzungusha, umeshaijua hoteli.

Waulize pia kuhusu tarehe 24 na 31 Desemba. Hoteli kubwa nyingi hulazimisha wageni kulipia karamu ya usiku huo, uile usiile, na kwa watu watano inauma. Kama unaweza kuja mwanzoni mwa mwezi, njoo mwanzoni. Hali ya hewa ni ile ile nzuri, joto la nyuzi 25 hivi mchana. Hapo umechagua vizuri, sio kama yule rafiki yako aliyekwenda Juni. Juni joto linapita 40, na mimi Juni ya 2007 nilikuwepo kimbunga Gonu kilipoingia. Niliona magari yanaelea barabarani.

Jambo jingine ni saa. Mkija na ndege ya usiku mtashuka asubuhi, na vyumba hutolewa saa tisa alasiri. Masaa yote yale watoto watalala kwenye makochi ya mapokezi, nawe utakuwa unamkasirikia msichana asiye na kosa. Uliza mapema kama mnaweza kuingia asubuhi na kwa kiasi gani. Wakati mwingine kulipia usiku uliotangulia ni nafuu kuliko ugomvi. Na kwenye kadi watazuia fedha za dhamana, usishtuke. Hurudi, lakini si siku hiyo hiyo.

Usiulize hoteli ilifunguliwa lini. Uliza vyumba vilikarabatiwa lini mara ya mwisho, na kama unavyopewa ni miongoni mwa vilivyokarabatiwa. Rangi mpya ya ukumbini haisemi kitu. Mimi chumba nakijua bafuni: ile gundi nyeupe inayoziba kati ya vigae na beseni ikiwa nyeusi, hapo pamechoka na hakuna mkuu anayekagua. Katika picha wanazotia wageni wenyewe, tafuta picha za bafu. Na jioni, ukiwa umekaa mapokezi, watazame wahudumu wanavyotembea. Wakiwa wanakimbia wote, ni wachache kuliko kazi.

Vyumba viwe viwili vyenye mlango wa kupitia katikati, mbali na lifti. Nasema mlango wa katikati uthibitishwe, sio "tutajaribu". Chako na mkeo kiwe cha kutazama bahari, ndoa yenu hiyo. Changu na watoto kitazame bustani, tofauti ya bei mnunulie mkeo dhahabu sokoni Mutrah. Soko lile hufunga mchana mpaka jioni, na Ijumaa asubuhi hulikuti, kwa hiyo twende baada ya alasiri.

Ulisema kwenye ujumbe kwamba unataka safari hii niingie hotelini kwa mlango wa mbele. Nimesikia, mwanangu. Miaka kumi na moja niliingia kwa mlango wa nyuma, karibu na mapipa, na bibi yako akakulea vizuri kwa mshahara ule. Nitaingia kwa mbele. Ila asubuhi nitatandika kitanda changu kabla hawajaja, na usinikataze.

Nambari ya pasi yangu mpya nitakutumia kesho. Mwambie mkeo asibebe mataulo.

Mama yako