Mmoja Akipatikana na TB Nyumbani, Wote Mkapimwe

Ami yangu alipopatikana na TB ya mapafu, tulikuwa tukikaa pamoja Kisauni. Mara akatengewa kikombe na sahani, lakini kupimwa hakuna aliyetaka. "Mimi sikohoi, nikapimwe nini?" alisema shangazi, naye ndiye aliyempelekea uji kutwa katika chumba ambacho dirisha halifunguliwi kwa kuogopa mbu.

Vyombo havina neno. TB huenda kwa hewa, hivyo fungueni madirisha.

Vimelea vikishavutwa mpaka ndani ya mapafu, humezwa na seli za kinga ambazo kazi yake ni kumeza wavamizi na kuwaua. Vya TB haviuliki kirahisi. Huishi na kuzaana humo humo ndani ya seli iliyovimeza. Hupita wiki kadhaa ndipo seli T, askari wengine wa kinga, zifike kwa wingi na kuzitia nguvu zile za kumeza, kisha zote pamoja huvizingira vimelea kama boma. Wengi huishia hapo. Hawaumwi, hawaambukizi mtu, ila ndani ya boma vimelea vingine vingali hai.

Inakadiriwa robo ya watu duniani wameambukizwa hivyo, na kati yao asilimia 5 hadi 10 huja kuugua, hasa katika miaka 2 ya mwanzo. Utapiamlo, sigara na pombe hulidhoofisha boma. VVU ndivyo vibaya zaidi, kwa kuwa huangamiza seli T zenyewe. Sukari pia, na shangazi anayo.

"Shangazi, kinga yako ina kazi mbili," nikamwambia. Akakubali twende.

Aliulizwa maswali, akapigwa picha ya kifua, akachomwa sindano ndogo ndani ya ngozi ya mkono. Baada ya siku 2 pakavimba pakawa pagumu: ni seli T hizo, zimemtambua adui. Kifua kilikuwa safi, basi akaanzishwa dawa ya kinga, mara moja kwa wiki kwa miezi 3. Mkojo ukageuka rangi ya chungwa, akataka kuacha. Ni dawa tu, usiache.

Walio na watoto chini ya miaka 5 wawatangulize hao. Chanjo ya BCG huwakinga hasa na TB kali, kama ile ya utando wa ubongo. Haizuii kila maambukizi. Na anayekohoa, kutoka jasho usiku au kukonda asipewe dawa ya kinga kwanza. Apimwe makohozi, maana huenda ni mgonjwa tayari, na matibabu yake ni mengine. Hospitali za serikali hutoa dawa za TB bure.