Maji tulichemsha, na bado mtoto akaharisha

Bomba likikauka, kwetu Mwanza tulikuwa tunachota Ziwa Victoria. Mama alikuwa na sehemu yake, mbali na mitumbwi, maji maangavu mpaka unaona mchanga chini. Nimekua nikiamini kwamba maji maangavu ndiyo maji safi, na kwamba ziwa kubwa vile hujisafisha lenyewe.

Si kweli. Ziwa Tanganyika lina kina kuliko letu, lakini Mei 2015 kipindupindu kiliwaua wakimbizi wa Burundi pale Kagunga, kijiji cha ufukweni mkoani Kigoma, ambako watu walijisaidia ufukweni na kuchota hapo hapo. Na kwetu, tazama vilima: mawe matupu. Choo cha shimo hakichimbiki kwenda chini, kinajaa upesi, na mvua ikipiga yaliyomo yanateremka na mitaro hadi Mto Mirongo, unaokatiza mjini na kumwaga ziwani. Mvua za kwanza baada ya kiangazi ndizo ninazoziogopa kuliko zote, kwa sababu zinasomba uchafu wa miezi kwa mkupuo. Siku hizo, kama nina akiba, ziwani siendi.

Basi tukawa tunachemsha, kila jioni. Maji yakishatokota kwelikweli dakika moja inatosha. Usimalize mkaa bure. Hata hivyo mwanangu akaharisha mara mbili ndani ya mwezi mmoja. Zahanati muuguzi hakuniuliza kama nachemsha. Aliniuliza, "Mama, hayo maji mnayachota na nini ndooni?"

Nikaiona ndoo yetu pale mlangoni, haina mfuniko. Juu yake msumari, kwenye msumari kikombe cha plastiki, ukingo wake umeshaanza kufanya utelezi. Kila anayeingia anakitumbukiza. Mtoto katoka kucheza uani, anazamisha mkono mpaka kiwikoni. Vijidudu tulivyoviua jikoni tulikuwa tunavirudisha wenyewe.

Nilinunua ndoo yenye mfuniko na koki. Kama huna, dumu la mdomo mwembamba linafaa, unamimina tu, hakuna mkono unaoingia. Lisugue kwa sabuni kabla ya kujaza maji mapya. Kikombe cha msumarini nilikitupa.

Mkaa ukiisha kuna vidonge vya klorini. Fuata kipimo cha kwenye pakiti, usubiri nusu saa, lakini kwanza acha tope litulie na uchuje kwa kitambaa safi, maana tope huimaliza nguvu dawa. Au jaza chupa angavu za plastiki, zilaze juu ya bati saa sita za jua kali. Kukiwa na mawingu, siku mbili.

Kichocho kina njia yake: hupenya kwenye ngozi, hivyo kuchemsha maji ya kunywa hakumsaidii mtoto anayeogelea. Maji ya kuogea yaache kwenye pipa siku mbili, vimelea vyake hufa.

Na mtoto akishaanza kuharisha, mpe ORS, ile dawa ya unga inayochanganywa na maji. Ikikosekana, lita moja ya maji yaliyochemshwa, sukari vijiko vya chai sita vya usawa, chumvi nusu kijiko cha chai. Ukiona choo kinatoka kama maji ya mchele, au macho yamebonyea, mpeleke hospitali saa hiyo hiyo, iwe ni usiku wa manane. Chukua chupa ya ORS au ya maji yale ya sukari na chumvi mkononi, umnyweshe kidogo kidogo njia nzima.