Baridi haijaua betri yako

SWALI: Gari langu la umeme lina miaka 3, na lilikuwa likienda kilomita 400 kwa chaji moja. Tangu asubuhi zianze kushuka chini ya nyuzi sifuri, hata likijaa chaji halifikishi 270. Kwenye chaja ya kasi nako linapokea umeme kwa kusuasua. Fundi anasema seli zimekufa, na ana kifaa cha "kufufua betri". Nimruhusu aifungue?

JIBU: Usimruhusu. Kila baridi ikianza napokea swali hili, na karibu kila mara kuna fundi mwenye kifaa.

Betri yako imepoa, haijafa. Seli zikipoa, ioni za lithiamu (chembe zinazobeba chaji ndani ya betri) hupita kwa shida, ukinzani wa ndani hupanda, na sehemu ya umeme uliomo haitoki hadi betri ipate joto. Hiyo ni sehemu moja tu ya hasara. Mlaji mkubwa mara nyingi ni hita. Gari la petroli hupasha joto ndani kwa moto wa injini ambao ungepotea bure; lako hulipia joto hilo kutoka kwenye betri. Piga hesabu: gari linalotumia kilowati-saa 15 kwa kilomita 100, likitembea kwa mwendo wa 30 kwa saa kwenye foleni, linahitaji kilowati 4.5 kusogea. Hita ya kawaida ya umeme, gari likiwa bado baridi, inaweza kula 5. Yaani unatumia umeme mwingi kuota moto kuliko kusafiri! Na ukiwa mtu wa safari fupifupi, kila unapowasha unaanza kupasha upya. Magari yenye pampu ya joto, inayovuta joto kutoka hewa ya nje, hayaumii sana hivyo, lakini nayo huumia.

Kwa hiyo lipashe joto kabla ya kuondoka, likiwa bado limechomekwa, ili joto hilo lisitoke kwenye betri. Tumia hita ya kiti na ya usukani, ambazo hula kidogo mno. Kabla ya chaja ya kasi, kama gari lako lina uwezo huo, weka kituo hicho kwenye ramani ya gari lenyewe, si ya simu, ili lianze kupasha betri njiani.

Sasa huko kusuasua, ambako ndiko matapeli wanakopatia riziki. Kompyuta ya betri inapunguza umeme kwa makusudi. Ukiilazimisha seli yenye baridi kali kupokea umeme mwingi, lithiamu haiingii ndani ya grafaiti (kaboni ya upande hasi wa seli) inavyotakiwa. Inaganda juu yake ikiwa metali. Sehemu ya hiyo hairudi kazini tena, na ikiendelea kujengeka inaweza kutoboa utando unaotenganisha pande mbili za seli. Hapo unazungumzia shoti na moto. Ndiyo maana hata breki ya kurudisha umeme hulegea asubuhi: nayo ni kuchaji.

Anayekuuzia programu ya "kufungua kasi ya chaji" anauza kuondolewa kwa kinga hiyo. Anayefuta alama za hitilafu kwenye dashibodi hajatengeneza kitu. Kuna wanaopuliza moto wa gesi chini ya gari, na wanaofungua betri ya volti 400 wakiwa na bisibisi na mikono mitupu. Umeme huo unaua, na kizima moto cha kawaida hakitazima betri ikishawaka.

Betri kufa hakupimwi kwa kilomita za asubuhi moja ya baridi. Hupimwa kwa kusoma volti ya kila seli na uwezo uliobaki, betri ikiwa na joto la kawaida. Mwombe fundi wako namba hizo kwa maandishi. Akishindwa, ondoka na gari lako. Na kabla hajagusa boliti yoyote, soma waranti: kampuni nyingi hudhamini betri kwa miaka 8, na ikishafunguliwa na mtu asiyeidhinishwa unaweza kuipoteza.